Kiti cha Bi Nunuu

Sikilizeni, na kila mtu aishike hukumu yake mpaka nimalize.

Katika karakana moja ya vibao mjini Tanga walikuwepo watatu. Salme alijua kunoa chuma chochote, na kukifanya butu pia. Mbaruku alijua kubana kitu kisitikisike. Kombo alikuwa na mkono usio na haraka. Walishirikiana kazi, hawakushirikiana maisha. Jioni kila mmoja alifunga mlango wake. Idi iliyopita Salme alikula mkate kwa chai ya rangi, akisikiliza vicheko vya jirani ukutani.

Siku moja akaja Bi Nunuu, mjane, na kibao cha akriliki, plastiki ngumu ing'aayo kama kioo. Marehemu mumewe alichonga humo jina la nyumba yao, akafa kabla ya kukitundika.

"Nitoboleeni matundu manne, wanangu. Kikipasuka, sina wa kunichongea kingine."

Walijaribu kwanza kwenye vipande chakavu, kila mtu peke yake. Vyote vitatu vikapasuka.

Ndipo Salme akaisugua ncha ya keekee ya kutobolea kwenye jiwe mpaka makali yakafa.

"We Salme, unatuharibia kifaa!"

"Ncha kali inauma, Mbaruku, na ikiuma inapasua. Hii itakwangua tu."

Mbaruku akatandika ubao chini ya kibao, akavibana pamoja, ili ncha ikitokeza chini isimegue. "Sasa hata tetemeko lije."

Kombo akatoboa polepole, akidondosha maji ya sabuni, akiinua keekee kila mara plastiki isiyeyuke kwa joto.

"Harakisha, tutazeeka!" Mbaruku akasema.

"Zeekeni."

Tundu la nne likatoka safi.

Bi Nunuu akayapapasa matundu yote. "Nyumbani nina viti viwili. Cha marehemu hakijakaliwa tangu aondoke. Aliyekiokoa kibao hiki aje Idi akikalie kiti hicho, tule pilau. Mmoja tu, jamani. Watu wengi bado siwawezi. Ni nani?"

Salme akafungua kinywa. Akaona Mbaruku naye amefungua, na Kombo pia. Wote wakafumba.

"Basi mtaniambia," akasema Bi Nunuu, akaondoka na kibao kifuani.

Idi ni keshokutwa. Salme amekwisha kupiga pasi gauni lake. Ameona pia kwamba Mbaruku amenyoa ndevu, na Kombo ameanika kanzu.

Bila ncha ile, bila ubao ule, bila mkono ule, kibao kingekuwa vipande. Na kiti ni kimoja. Je, wewe ungemkalisha nani?