Kitanzi Mlangoni kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifunga milango yao kwa komeo, Bi Pimbi aliamka asubuhi, akafungua mlango, akakuta kitanzi cha kamba ya katani kinaning'inia. Ning'i, ning'i! Moyo ukamlipuka.

Pimbi hana mkia, mnajua. Na enzi za bibi yake, asiye na mkia akikuta kitanzi mlangoni alihama siku hiyo hiyo. Akikaidi, alinyongwa nacho.

Mumewe akaanza kufunga vyombo. "Mama watoto, tuondoke!"

"Niende wapi? Hapa ndipo nilipozaliwa," alijibu Bi Pimbi, akaenda barazani.

Mwenye kitanzi alijulikana. Kima, aliyekuwa mtini alfajiri, alimwona Fisi, mlinzi wa chemchemi, akikitundika. Fisi mwenyewe hakukana.

"Haa! Kumbe kelele zote hizi ni za kamba?" alisema. "Mimi nilidhani ni pambo. Mambo ya kale siyajui, jamani. Sikusoma!"

Baraza likagawanyika. Ngiri akasema ni utani tu. Twiga, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwambia hama, akasema watu wasikuze mambo. Swala alilia waziwazi.

Mwenyekiti Nyati akakohoa. "Sheria yetu ni hii: aliyetenda kwa kujua anafukuzwa kijijini. Asiyejua anasamehewa. Bi Pimbi, una neno?"

Hasira zilimpanda Bi Pimbi. Akazimeza, akatabasamu. "Hajui, maskini. Basi niruhusuni nimfundishe."

"Nifundishe, mwalimu!" Fisi akacheka. "Kwi kwi kwi!"

"Zamani palikuwa na mbabe mmoja, aliogopwa nchi nzima. Ndiye aliyebuni kitanzi. Kwa siku moja tu alizihamisha nyumba ishirini. Mbabe huyo ni babu yake Ngiri."

"Babu yangu mimi?" Ngiri akashtuka. Fisi akaacha kucheka.

"Naam. Mafisi nao walikuwepo," Bi Pimbi akaendelea taratibu, "ila wao walibeba maji tu. Walipokiona kitanzi cha kwanza, wakatimua mbio vichakani, puu! puu! puu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Masikio ya Fisi yakasimama.

"Na babu yake huyu Fisi wetu, bibi alinisimulia, alikutwa amejificha chini ya—"

"Mwongo!" Fisi akaruka. "Abebe maji nani? Babu yangu ndiye aliyekifunga kitanzi, kwa mikono yake! Na nyumba zilikuwa arobaini, si ishirini! Kila mlango alitundika upande wa kulia, kama nilivyo..."

Akajiziba mdomo.

"Kama ulivyotundika kwangu," Bi Pimbi akamalizia. "Kumbe mwanafunzi anajua kuliko mwalimu."

Ngiri akainamisha kichwa. Twiga akatazama pembeni kwa haya.

Nyati akasimama. "Fisi, weka rungu chini, ulinzi wako umekwisha. Nenda ukakitungue kile kitanzi sasa hivi, sote tukikutazama, kisha ushike njia."

Fisi akakitungua, akashika njia. Bi Pimbi alisimama kizingitini pake akimtazama, hakusogea hata hatua moja.

Basi, wanangu, anayewatisha wenzake kisha akajidai hajui, mwacheni ajisifu, atajisema mwenyewe.