Waliogombea Kosa la Mlangilangi

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwa kuwa baiskeli zilikwisha kuwa nyingi kuliko mbuzi, palikuwa na mtaa mmoja mjini Tanga uliokuwa ukinukia. Kwenye kona yake ulisimama mlangilangi mkongwe. Jua likishuka, maua yake ya manjano yaliachia harufu, harufu ikatambaa juu ya mapaa, ikaingia madirishani, ikawakuta watu wamelala, na mtaa mzima ukaota ndoto moja tamu ambayo asubuhi hakuna aliyeweza kuisimulia.

Katika nyumba ya konani aliishi Bi Mwanamvua na mjukuu wake Batuli. Bi Mwanamvua alikuwa haoni. Hata hivyo, kila alasiri alitoka peke yake kwenda kuzungumza na shoga yake, mtaa wa tatu kutoka hapo, na kila magharibi alirudi peke yake, kwa kuwa harufu ya mlangilangi ilimshika mkono mpaka mlangoni.

Mwaka mmoja ukavuma upepo mkali, mlangilangi ukaanguka. Tangu siku ile Bi Mwanamvua akakaa ndani. Majirani walijitolea kumwongoza, akakataa. Alisema mtu mzima hapelekwi na kurudishwa kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Wakati huo Batuli alikuwa amehitimu udaktari wa macho na kupata kazi katika mji ule ule aliozaliwa. Siku za kazi alikuwa hospitali. Jumamosi aliwapanga watoto wa mtaa barazani, akawaonyesha herufi ukutani, na asiyeziona za chini alimtafutia miwani. Jumapili alishika jembe, yeye na vijana wenzake wakazibua mitaro. Aliwasaidia wengi kuona, lakini macho ya bibi yake hakuyaweza. Presha ya macho ilikuwa imeyazima kabla yeye hajajua kusoma. Basi akawaza: ikiwa siwezi kumrudishia nuru, nitamrudishia harufu.

Jumapili moja vijana wakachimba shimo pale pale konani, Batuli akapanda mche wa mlangilangi. Fundi Semkiwa, mtengeneza baiskeli ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya njia, akauzungushia ua wa rimu kuukuu ili mbuzi wasiufikie. Bi Mwanamvua akaja akipapasa ukuta, akagusa jani, akacheka.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, maana hivyo ndivyo alivyomtania, "huu ukichanua nitakwenda kwa shoga yangu, na wewe utalala na njaa mpaka nirudi."

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wa mtaa ule walifundishwa tangu utotoni kwamba wema ukitangazwa hupungua uzito. Mtu akitoa, hutoa kimya. Ndiyo maana Batuli alipoumwagilia mche alfajiri, kabla ya kwenda kazini, hakumwambia mtu. Fundi Semkiwa naye, adhuhuri watu walipojinyoosha, alivuka njia na beseni lake la kutafutia pancha, akaumwagilia, na hakumwambia mtu. Na magharibi, Bi Mwanamvua alifuata ukuta kwa vidole, akaumiminia maji yaliyobaki katika birika la udhu, na hakumwambia mtu.

Udongo wa pale ulikuwa mfinyanzi, haunywi upesi. Majani yakaanza kuwa manjano. Batuli akasema moyoni, una kiu, akaongeza maji. Semkiwa akasema moyoni, una kiu, akaongeza maji. Bi Mwanamvua akapapasa, jani likamdondokea kiganjani. Akasema moyoni, una kiu, akaongeza maji.

Ijumaa moja Batuli alirudi mapema, magharibi ikikaribia, mche umemkaa rohoni. Akachota ndoo akatoka. Pale konani akamkuta Fundi Semkiwa amesimama na beseni la pili la siku ile, na bibi yake amesimama na birika. Batuli akaushika mche, ukang'oka bila kuvutwa. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama mtaro. Hapo kila mmoja akajua alichofanya mwenzake.

Batuli akazunguka vitalu vyote vya mji. Akapata mche mmoja tu uliobaki, akaurudisha ndani ya kopo la maziwa, akauweka barazani. Watu wakakubaliana: safari hii mkono mmoja tu, usije ukazamishwa tena. Na desturi ya mtaa ilijulikana. Aliyevunja mtungi ndiye achotaye maji. Aliyeharibu ndiye apewaye kutengeneza. Mwenye kosa kubwa kuliko wenzake ndiye atakayeutunza mche wa pili.

Watu hukimbia kosa. Hawa watatu walilikimbilia. Mama muuza bagia akasema tangu azaliwe hajaona kosa likigombewa kama nyama ya sikukuu.

Batuli akasema kwanza. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeupanda. Kila siku nawaambia wagonjwa, dawa ni tone moja, si chupa nzima. Kipimo cha mti sikumwambia mtu. Nilitaka uwe siri yangu na bibi yangu."

Fundi Semkiwa akafuta mikono yenye grisi. "Wewe mwanangu ulikuwa kazini. Mimi nashinda hapa. Kila adhuhuri niliukuta udongo umelowa kabla sijamwaga, nikajiambia ni umande. Umande gani, adhuhuri? Mwenye macho aliyekataa kuona amekosa zaidi. Kosa ni langu."

Batuli akatumaini yameishia hapo. Alimtazama bibi yake aliyekaa mkekani, akawaza, huyu hatalaumiwa na mtu, amekwisha kupungukiwa vya kutosha.

Bi Mwanamvua akalisogeza kopo karibu na magoti yake.

"Mimi sioni, lakini pua ninayo. Juma zima niliusikia udongo ukioza. Nilijua. Nikamwaga hivyo hivyo, kwa haraka ya kutoka nyumba hii. Nyinyi mliukosea kwa kunipenda mimi. Mimi niliukosea kwa kujipenda."

Batuli akamwambia taratibu kwamba hakuna anayemhesabia kosa.

"Hapo ndipo mnaponidhulumu," bibi akajibu. "Mkininyima kosa langu kwa sababu ya upofu, mmenishika mkono tena."

Watu wakagawanyika. Waliotaka kumpa Batuli mche walikumbuka kwamba mti ni wake na mzigo ni wake. Waliotaka kumpa Semkiwa walikumbuka kwamba yeye ndiye ashindaye pale kutwa. Waliotaka kumpa Bi Mwanamvua walimtazama usoni, kisha wakatazama chini.

Mpaka sasa, wanangu, wako pale barazani. Ndoo imejaa, beseni limejaa, birika limejaa, na hakuna athubutuye kumwaga tone kabla neno halijatoka. Jua limefika kwenye kopo. Jani la juu limeanza kulegea, na safari hii ni kiu ya kweli.

Je, nani anastahili kuumwagilia? Semeni, lakini msikawie.