Tyubu Mbili Chini ya Mashine ya Randa

Karakana ya kuziba pancha ilikuwa nyembamba, na kompresa mbili za kujazia upepo hazikuweza kukaa humo bila kuwagombanisha wenyewe. Ya petroli ilikuwa kipenzi cha fundi, ambaye majirani walimbatiza Ngurumo. Akivuta kamba yake tu, mtaa mzima hujua kazi imeanza. Ya umeme aliileta mkewe kwa majaribio, na siku hiyo muuzaji alitaka jibu.

"Irudi, mama watoto," alisema Ngurumo. "Haina sauti. Wateja watadhani tumefunga."

"Mteja analeta tairi, baba watoto, haji kucheza ngoma."

Kabla hajajibu, mke wa seremala aliingia mbio, miguu mitupu. Mumewe, kaka yake Ngurumo, alikuwa amebanwa katika chumba cha chini cha jengo la pili. Mashine ya randa ilikuwa imevunjika mguu ikamwangukia mapajani. Wanaume sita walijaribu kuinyanyua, wakatoka kapa.

Akili haikumtupa Ngurumo. Alichukua tyubu mbili za lori, akazifunga kwa magunia, akashuka nazo chumbani, akazisukuma chini ya chuma. Kwa kuwa mpira wa upepo ulikuwa mfupi, aliishusha kompresa ya petroli mle mle chumbani, akavuta kamba.

Chumba kikatetemeka. Moshi ukatanda, watu wakakohoa. Tyubu moja ilivimba kuliko mwenzake, na chuma kikaanza kuinamia kifua cha seremala. Alipiga kelele, midomo ikaonekana ikicheza, lakini neno halikusikika. Ngurumo akazidi kujaza upepo, akidhani anamwokoa. Mama watoto, aliyekuwa amemfuata, aliuona mkono wa seremala ukipunga, akaruka, akaizima kompresa.

"Unamuua ndugu yako! Kwanza moshi, pili humsikii!"

Walipunguza upepo, wakafungua madirisha, na majirani wakaishusha kompresa ya umeme. Mama watoto aliichomeka ukutani. Ikavuma taratibu, na juu ya mvumo huo sauti dhaifu ya seremala ikasikika wazi.

"Kushoto kwanza, shemeji... Hapo. Sasa kulia. Polepole."

Mama watoto alifungua valvu kidogo kidogo, akimsikiliza. Ndipo watu wakashuhudia jambo ambalo hawatalisahau: chuma kilichowashinda wanaume sita kilianza kupanda. Kilipanda unene wa kidole, kisha wa viwili, na kila kilipopanda Ngurumo alisukuma kipande cha ubao chini yake. Wote waliduwaa mbele ya upepo tu, upepo ule ule waliokuwa wakiuvuta puani, ukibeba mzigo uliokaribia kumla mtu. Mke wa seremala alilia bila kujifuta machozi.

"Mvuteni!" aliamuru Ngurumo.

Wakamvuta. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa hai, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Randa yangu haikupinda?" Watu wakacheka.

Ngurumo aliketi sakafuni. Alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akaigusa kompresa ya umeme kwa kiganja.

"Hii hairudi," alisema. "Yangu itafanya kazi barabarani, kusiko na umeme. Nilidhani nguvu ni kelele, mke wangu. Nisamehe."

Waliomsikia hawakubisha, kwani walikuwa wamejionea kwa macho yao: simba mwenda pole ndiye mla nyama.