Kuhe Katika Birika la Mwamini

Samaki mtazame kinywa kabla ya rangi. Mmemsikia shangazi yenu akiyatamka maneno haya asubuhi, mkaangaliana, mkacheka, na sasa mmekuja kuuliza yametoka wapi. Vizuri, kuuliza si ujinga. Ila msinikatize, maana kila nikisimulia hapa hakosi mmoja wa kuniuliza “kisha?” kabla sijameza mate. Maneno haya yalizaliwa Ujiji, kwenye birika la maji la mwanamke aitwaye Mwamini, na aliyeyatamka kwanza ni mumewe Songoro, fundi cherehani. Hakuyatamka kwa kupenda.

Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na birika uani, la mawe na chokaa, la kukingia maji ya mvua. Maji yakisimama mbu hutaga, hilo halina ubishi. Basi akina mama walifuga humo visamaki vya mtoni, vidogo kama kidole gumba, rangi ya tope, visivyo hata na jina. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu, na viliifanya vizuri. Mwamini alivitunza visamaki vyake kuliko kuku, naye alikuwa na sababu. Mtoto wake wa pili, Hamimu, alikufa kwa homa mwaka ambao birika lilikaa bila samaki. Tangu hapo hakupitisha asubuhi hata moja bila kuinama kuvitazama.

Mwaka tunaousema, binti yake Siwema alikuja kujifungulia kwao, kama desturi. Mzazi akae ndani arobaini, akandwe, anywe uji wa pilipili manga, na siku ya arobaini mumewe aje kumchukua. Sasa huyo mume alikaa bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, na mbu wa bondeni mnawajua. Mwamini aliahidi kwamba Siwema ataondoka na ndoo ya visamaki kwa ajili ya birika lake mwenyewe.

“Mjukuu wangu haendi bondeni bila walinzi wake,” alisema, na nyumba nzima ilijua hatanii.

Haya, tuje kwa Songoro. Lahaula! Songoro alikuwa mtu mwema na mshonaji hodari, lakini macho yake yalikuwa ya kitambaa. Kila kitu alikichagua kwa rangi. Hata kuku alimnunua kwa manyoya. Kwake birika lile lilikuwa aibu: wageni wa arobaini waje, wainame, waone visamaki vya rangi ya tope? Mara ya kwanza alileta kambare mchanga, eti amependa masharubu yake. Mwamini akampika siku hiyo hiyo. Mara ya pili alileta kaa. Ya kaa tuyaache.

Siku ya thelathini akaja kutoka ufukweni na kopo. Ndani yake kulikuwa na samaki wa urefu wa kiganja, manjano tupu, na madoa meusi ubavuni.

“Mama Siwema, njoo uone kitenge kinachoogelea!”

Mwamini alikuwa ameshika sufuria ya maji ya moto, ya kumkanda mzazi. “Baba Siwema, huyo ni samaki gani?”

“Mzuri.”

“Nimekuuliza ni samaki gani.”

“Samaki ni samaki, mke wangu. Wote wanaishi majini, wote ndugu.”

“Na anakula nini?”

“Atakula atakachokikuta humo.”

Mwamini alikuwa na la kujibu, tena refu, lakini mtoto akalia ndani na maji yalikuwa yanapoa. Aliporudi uani kopo lilikuwa tupu. Akachukua kata amtoe yule mgeni. Mgeni akaingia chini ya jiwe, hatoki. Songoro akasimama pembeni akicheka. “Mwache jamani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpe siku zake. Akifanya fujo, nitamtoa kwa mkono wangu.”

Hapo ndipo penye ujinga wenyewe, na ni ujinga wetu sisi, watu wa kupokea wageni. Siku ya kwanza samaki alijibanza pembeni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu visamaki vilipita mbele ya pua yake, naye kimya kama bibi harusi. Songoro akawatangazia majirani kwamba mtihani umepita, mgeni keshakuwa mwenyeji. Lakini samaki anajua wapi desturi zetu? Alikuwa na woga wa safari tu. Woga ulipomtoka, njaa ikaingia, na siku ya nne akashika jembe kweli, akalima.

Mwamini aliona visamaki vinapungua. Akiuliza, Songoro hakukosa jibu. “Vimejificha.” Kesho yake: “Vinaona haya.” Keshokutwa: “Maji yametibuka, huoni vizuri.” Na Mwamini, mwenye mzazi wa kukanda, mtoto wa kuogesha na wageni wa kupikia, alikubali kwa uchovu. Hilo lilimuuma baadaye kuliko yote.

Siku ya arobaini mkwe akafika. Siwema kavaa, mtoto kafungwa vizuri, mizigo iko mlangoni. Mwamini akaenda birikani na ndoo na kipande cha kanga cha kuvulia. Akainama. Visamaki vilibaki vitatu, vimejibana kwenye kona yenye maji machache. Katikati ya birika alikuwepo yule wa manjano, amenenepa, na mkia wa kisamaki unamtoka mdomoni.

“Songoro!”

Hakumwita Baba Siwema. Songoro akatoka na uzi mdomoni, na jirani yao Mlekwa, mvuvi mzee, akaingia uani kwa ile sauti. Mlekwa aliingiza mkono mara moja tu, akamtoa samaki.

“Huyu ni mtoto wa kuhe,” alisema. “Akikua anafika urefu wa mkono wako. Songoro, ulitazama nini ulipomchukua?”

“Rangi.”

“Na kinywa?”

“Kinywa... sikukitazama.”

Mlekwa akambana samaki taya, kinywa kikafunguka. Kidole gumba chake kikaingia chote. “Chochote kinachoingia hapa ni chakula chake. Usimlaumu. Yeye kala, wewe ndiye uliyemkaribisha.”

Mwamini hakupiga kelele tena. Ndipo Songoro alipoogopa. “Nilimzika Hamimu kwa mikono hii,” alisema mkewe, “na ulikuwepo. Simziki mjukuu kwa ajili ya kitenge. Siwema, vua viatu, mwanangu, huendi popote. Mkwe, nisamehe, kaa unywe chai. Na wewe, chukua hiyo ndoo.”

Songoro akaichukua.

Alipita mlango hata mlango mtaa mzima, fundi wa watu, na ndoo mkononi, kuomba visamaki viwili viwili. Na mnawajua watu wa Ujiji, hawatoi kitu bila habari. Mlango wa kwanza aliulizwa vyake vimekwenda wapi, akaeleza kirefu: wageni, arobaini, siku tatu, woga wa safari. Wakamcheka. Mlango wa pili akaeleza kidogo. Wa tano akaacha kujitetea. Kufika mlango wa kumi na moja, wa bibi mmoja kiziwi aliyetaka kila jambo lirudiwe, jua limemchoma na koo limekauka, Songoro hakungoja hata kuulizwa.

“Bibi, samaki mtazame kinywa kabla ya rangi!”

“Unasemaje?”

“KINYWA, bibi! Kabla ya RANGI! Mimi nilitazama rangi, na mtoto wa binti yangu amekosa walinzi!”

Bibi akamtazama usoni, hakucheka. Akamchotea saba. Njiani watoto wote wa mtaa walimfuata wakiimba maneno yake, naye hakumfukuza hata mmoja.

Mwamini alipokea ndoo. Akakaa chini, akavitoa visamaki kimoja kimoja, akavifungua vinywa kwa ukucha, na Songoro akachutama kando yake akimshikia kata. Walipomaliza, Siwema akavaa viatu.

Samaki mtazame kinywa kabla ya rangi.