Nguzo Nne za Boti ya Bwana Khelef

Bwana Khelef wa Wete aliifufua boti ya marehemu babu yake mpaka ikang'aa kama sinia. Zilibaki nguzo nne tu za kushikilia paa. Akamwendea Faki seremala, mpangaji wake.

"Ijumaa nataka nguzo za nakshi. Ukate huu mfenesi wako."

Mfenesi ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe Faki.

"Bwana wee, mti mbichi ukichongwa hupinda. Paa litakuangukia mbele ya wageni. Nikipata mti mkavu, utauacha mfenesi wangu?"

"Nguzo zikinipendeza, nitauacha. Zisiponipendeza, naukata, na wewe unahama."

"Na huo mti mkavu nikautafute wapi, bwana?"

"Popote! Usinisumbue mimi, kamuulize hata mke wangu!"

"Nimesikia, bwana."

Ijumaa boti ilishushwa majini. Wageni walizipapasa nguzo, wakayasifu maua yake. Bwana Khelef alivimba kichwa, akaapa mbele yao wote kwamba mfenesi wa Faki hautaguswa na shoka.

Kisha akarudi nyumbani kujinyoosha kwenye samadari yake, kitanda cha nakshi alichorithi pamoja na boti. Chumbani akakuta godoro liko sakafuni na chandarua kimetundikwa msumarini.

"Mwanaidi! Samadari yangu iko wapi?"

"Nguzo zake kazichukua Faki leo alfajiri, ulipotoka tu," mkewe alijibu. "Alisema umemtuma kwangu. Na amesema ukishikwa na usingizi, uende ukalale botini. Mto wako huu hapa, mume wangu."