Wazee Sita wa Jemadari

Paukwa!

— Pakawa!

Mh! Mmeitika kama watu mlioshindia uji wa jana. Paukwa!

— Pakawa!

Kwale!

— Wa nyasini!

Mbwa!

— Wa bwana!

Na ukoo?

— Wa nani?

Ahaa, hapo hapo. Hilo swali lishikeni vizuri, tutalihitaji. Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza, masikio hayashiki punje. Na wewe Tunu, toa kidole puani, hakuna kwale humo.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walizungumza lugha moja, ingawa watu, kama kawaida yao, hawakuwa wakisikiliza. Palikuwa na kilima. Kilima kirefu, chenye baridi, chenye nyasi za kufika kiunoni. Nyasini waliishi kwale. Kileleni aliishi Bwana Shekiondo, mwindaji. Bwana Shekiondo alikuwa na bunduki moja, tumbo moja kubwa, na mbwa mmoja wa kuwindia. Mbwa huyo akiitwa Jemadari.

Jamani, mbwa huyo! Mrefu, mwembamba, masikio laini, mguu wa nyuma wa kushoto una soksi nyeupe. Alikula kwenye sahani ya maua. Alilala kwenye godoro. Na kazi yake ilikuwa moja tu: kuonyesha. Hakukimbiza ndege, hakuuma ndege. "Kukimbiza ni kazi ya mbwa wa jalalani," alisema. Yeye alinusa. Nus, nus, nus. Akimpata kwale nyasini, anasimama. Tuli! Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, pua imemwelekea kwale. Na pua hiyo ikishamshika ndege mmoja haihami, hata wapite ng'ombe. Hapo anangoja amri. Bwana akisema "Haya!", Jemadari anaruka, kwale anashtuka, purrr! anapaa. Bunduki, tuu! Kwale chini. Jioni mchuzi.

Lakini kabla ya "Haya!" kulikuwa na desturi. Bwana Shekiondo hakupiga ndege mpaka asome ukoo wa mbwa wake. Awepo mgeni, asiwepo, ukoo lazima usomwe. Anavua kofia, anakohoa, anaanza:

"Huyu ni Jemadari, mwana wa Amiri!
Amiri mwana wa Waziri!
Waziri mwana wa Liwali!
Liwali mwana wa Akida!
Akida mwana wa Jumbe!
Jumbe mwana wa Sahibu, aliyeshuka melini na mto wake wa kulalia!"

Na kila mzee ana kisa chake. Waziri alisimama mguu juu tangu alfajiri mpaka adhuhuri, nzi wakatembea juu ya jicho lake, hakupepesa. Liwali alikuwa hali mfupa mpaka usuguliwe. Basi kusoma wazee sita, sufuria ya maharage inapata povu la kwanza. Bwana akiruka mmoja, Jemadari anaguna palepale, mguu juu, "Mm-mm! Umemsahau Akida." Bwana anaanza upya.

Na kwale je? Kwale nao walikuwa na desturi yao. Hatari ikija, jibanze, usipumue, labda hujaonekana. Hujaonekana! Mbwa kasimama, pua iko kwenye paji la uso wako, bwana anakusomea historia, nawe bado unasema hujaonekana. Baba Kwale alijibanza hivyo hivyo. Alisikiliza wazee wote sita, mpaka Sahibu na mto wake. Akapikwa siku hiyo hiyo, na bizari.

Mama Kwale akabaki na vifaranga tisa. Alilia. Alilia siku tatu. Siku ya nne akajifuta, akasema, "Machozi hayaoteshi mbawa." Maana watoto wake walikuwa na manyoya tu, mbawa za kurukia bado. Ng'ambo ya njia palikuwa na kichaka cha miiba, kinene, mbwa hatii pua. Lakini kichakani hakuna mdudu wa kula, lazima watoto washinde nyasini. Na mbwa hapigi hodi.

Basi Mama Kwale akapiga hesabu. Vifaranga tisa wakivuka njia pamoja, wanaonekana kitoweo. Akivuka mmoja mmoja, anaonekana jani tu. Mzee mmoja wa Jemadari akisomwa, kifaranga mmoja anavuka. Wazee sita, vifaranga tisa. Akahesabu tena. Wazee sita, vifaranga tisa. "Hawa watatu," akasema, "nimwachie nani?"

Akaenda kumtafuta Jalala. Jalala ni nani? Jalala alikuwa mbwa wa pili wa nyumba ile, wala Bwana Shekiondo hakumhesabu. Alilala nyuma ya jiko. Alikula ukoko, siku ukoko ukiwepo. Panya wa ghala wote aliwakamata yeye, na ahsante yake ilikuwa jiwe. Mwaka mmoja alikaa siku tatu bila kutia kitu tumboni, Mama Kwale akamwonyesha shimo la kumbikumbi, akala mpaka akacheua.

"Jalala, ndugu yangu," Mama Kwale akasema, "huyu bwana wa mguu juu nimrefushieje ukoo? Nahitaji wazee watatu zaidi."

Jalala akacheka mpaka akakaa chini. "Wazee watatu? Dada, huhitaji wazee. Muulize jambo moja tu." Akamnong'oneza sikioni. Akamnong'oneza nini? Mtangoja! Mama Kwale akacheka hadi akapaliwa.

"Wema wa tumbo siusahau," Jalala akasema. "Ukikwama, nitakuwa karibu."

Siku haikukawia. Bwana Shekiondo alitembelewa na mkwewe, baba wa mkewe, Mzee Hoza. Mzee Hoza alikuwa mtu wa adabu, adabu hasa, akijikwaa kwenye jiwe analiomba radhi. Bwana Shekiondo akataka kumwonyesha mkwe kwamba binti yake hakuolewa na mtu hivi hivi. Akachukua bunduki. Akachukua chupa ya chai ya mzee. Akamwita Jemadari. Haoo, nyasini!

Nus, nus, nus. Nus, nus. Tuli!

Mama Kwale akafungua macho. Pua hiyo hapo, nyeusi, imelowa, shubiri moja kutoka mdomoni mwake. Vifaranga wote tisa chini ya mbawa. Bwana Shekiondo akavua kofia, akakohoa.

"Huyu ni Jemadari, mwana wa Amiri!"

"Wa kwanza," Mama Kwale akanong'ona, "nenda." Tu-tu-tu-tu! Kifaranga akapita chini ya tumbo la mbwa, akavuka njia, akaingia kichakani.

"Amiri mwana wa Waziri!"

"Wa pili." Tu-tu-tu-tu!

Jemadari aliwaona. Alikuwa mbwa mwenye macho, hakuwa mwiko wa kupikia. Lakini afanye nini? Pua imeshamshika mama, haihami. Na mdomo? Mbwa wa ukoo hakatizi ukoo, labda kama umekosewa, na siku hiyo bwana, kwa hofu ya mkwe, hakukosea hata herufi. Liwali, tu-tu-tu-tu! Akida, tu-tu-tu-tu! Jumbe, tu-tu-tu-tu!

"Jumbe mwana wa Sahibu, aliyeshuka melini na mto wake wa kulalia!"

Tu-tu-tu-tu! Sita wamevuka. Watatu wamebaki. Bwana Shekiondo akavaa kofia. Akainua bunduki. Akafungua kinywa, "Ha..."

"Shikamooni, wazee," Mama Kwale akasema.

Lo! Tangu kilima kiumbwe, kwale hajawahi kusema kitu mbele ya bunduki. Bwana Shekiondo akabaki kinywa wazi. Mzee Hoza, adabu ikamtoka yenyewe. "Marahaba, mwanangu."

"Ukoo nimeusikia, ni mzuri, hongereni. Mimi nakufa leo. Nataka nife nikijua nimeonyeshwa na mtoto wa nani. Baba nimemsikia. Mama yake ni nani?"

Kimya jii.

"Mama?" akasema Bwana Shekiondo.

"Eeh, mama. Au Amiri alinyonyesha?"

Mzee Hoza akageuka. "Swali la haki hilo. Mama yake ni nani?"

Tu-tu-tu-tu! Wa saba huyo.

"Mama yake, baba, alikuwa... alikuwa wa ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Ng'ambo ya... ya mto."

"Mto upi?"

Tu-tu-tu-tu! Wa nane huyo. Jasho likamtoka Bwana Shekiondo, na kilimani kuna baridi.

Akabaki wa tisa, mdogo wao. Jina lake Chelewa, na jina halikumwonea. Akatoka, tu-tu-tu, akaona panzi. Akasimama. Mnasikia? Mama yake anakufa, bunduki iko juu, yeye kaona panzi! Akasimama pale pale chini ya mguu wa Jemadari, ule ulioinuliwa. Tok! akamdonoa panzi. Tok! Swali la Mama Kwale limekwisha, hana jingine.

"Basi!" Bwana Shekiondo akafoka. "Ukoo umetosha! Ha..."

"Hodi!"

Nyasi zikapasuka, akatoka Jalala na kupe zake. "Hodi wenyewe. Nasikia mnamtafuta mama wa Jemadari. Mnamtafutia mbali. Ni Mashudu, dada yangu, tumbo moja. Alikuwa akilinda kinu cha mafuta hapo chini. Amiri aliruka ua. Mengine watoto watayasikia wakikua."

"Muongo!" akalia Bwana Shekiondo.

Jalala akainua mguu wa nyuma wa kushoto. Mzee Hoza akarudi hatua mbili haraka, unajua tena mbwa. Lakini Jalala alikuwa anaonyesha soksi tu. Nyeupe, mpaka kwenye kifundo. Mzee Hoza akautazama mguu huo. Akautazama wa Jemadari. Soksi na soksi.

"Kumbe," akasema, "huyu ni mjomba wake."

"Ndiye mimi."

"Na kijana hamwamkii mjomba wake? Shekiondo! Nimesimama hapa magoti yananiuma, nasomewa ukoo, ukoo, ukoo, na huyo mwenye ukoo hana adabu ya kumwamkia mjomba wake? Ndiyo nyumba nilimomleta binti yangu?"

Maskini Jemadari. Sikilizeni, hapa mimi namhurumia. Wazee sita walimfundisha asitikisike. Lakini walimfundisha pia kwamba yeye ni mbwa mwenye adabu, na mwenye adabu hasimami mguu juu mbele ya mjomba. Akatetemeka. Mkia ukatetemeka. Akatazama chini, akamwona Chelewa chini ya ukucha wake, panzi mdomoni. Akausogeza mguu kando, polepole. Akaushusha. Masikio yakalala, kichwa kikainama, pua ikagusa ardhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Pua imehama! Purrr! Mama Kwale huyooo, akapaa. Chelewa tu-tu-tu-tu-tu, kichakani. "Haya! Haya! Haya!" akapiga kelele Bwana Shekiondo, na Jemadari bado ameinama, anaulizwa habari za nyumbani. Tuu! Risasi ikatoka. Ikapata nini? Chupa ya chai ya mkwe. Chai shwaaa, mpaka kwenye viatu vya mzee. Mzee Hoza akaitazama chupa. Akamtazama mkwewe. Akashuka kilima peke yake.

Kichakani Mama Kwale alihesabu. Tisa. Akahesabu tena. Tisa. Akampiga Chelewa kikofi, kisha akamkumbatia, kisha akalia, safari hii kwa raha.

Na jioni ile sahani ya maua ilikaa mezani mpaka nyama ikapoa. Jemadari hakuwepo. Alikuwa nyuma ya jiko na mjomba wake, wanagawana ukoko. "Mjomba," akauliza, "mama alikuwaje?" Hakuna aliyewahi kumwambia, hata siku moja. Jalala akamsimulia mpaka ukoko ukaisha, na hakumaliza.

Bwana Shekiondo hakuacha kuwinda, msidhani. Lakini kila alipotoka na bunduki, akavua kofia, akasema "mwana wa Amiri," nyasi zote ziliitika pamoja, huku na huku, mbele na nyuma: "Na mamake? Na mamake? Na mamake?" Kofia ikarudi kichwani. Mpaka leo pitieni kilimani asubuhi, mtawasikia kwale wanauliza.

Mafunzo yake haya hapa, sitawazungusha: anayesimulia sana wazee wake, yuko mmoja anamficha. Na mara nyingi aliyefichwa ndiye aliyebeba mimba na kunyonyesha.

Mnacheka? Haya, Tunu. Baba wa babu yako anaitwa nani? Umejibu upesi, hongera. Na mama wa bibi yako?

Kimya jii.

Basi nenda kamuulize bibi angali hai, mahindi nitamalizia mimi. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye huo ukimya wenu. Mkiikuta njiani imesimama mguu juu, msiisomee ukoo. Iamkieni, mpite.