Suruali ya Kijani ya Mzee Ndalahwa

Hapo zamani, tena msidhani zamani ya wafalme, ni juzi juzi tu hapa, palikuwa na mji unaitwa Mkumbule. Mji ulikuwa na kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafa. King'ora kikanyamaza, mashine zikauzwa chuma chakavu, vijana wakasepa. Zikabaki nyumba na madeni ya kodi ya majengo.

Halmashauri nayo ikafulia, hata gari la taka linasukumwa. Ikatunga sheria: nyumba ikiwa inadaiwa kodi na haina mtu ndani, yeyote mwenye hela anaruhusiwa kuilipia. Mwenyewe akirudi kabla ya mwaka kuisha, amrudishie aliyelipa hela yake na riba juu. Asiporudi, nyumba imekwenda. Na karani atajuaje kama nyumba ina mtu? Anaangalia kamba ya kuanikia. Kuna nguo, kuna mtu. Hakuna nguo, hakuna mtu. Msinicheke mimi, ichekeni halmashauri.

Basi Mzee Ndalahwa, aliyekuwa mfumaji pale kiwandani, alikuwa anadaiwa. Akaamua kwenda machimboni kutafuta hela. Akamwita jirani yake, Bi Mkejina, akampa kapu zima la nguo.

"Jirani, kila asubuhi nianikie. Nikirudi, chumba cha uani chako."

"Nenda tu, baba. Kamba yako haikai tupu."

Bi Mkejina akaanika. Leo anaanika, kesho anaanika. Nguo safi, anailowesha, anaianika. Ila mashati mazuri yakamtia tamaa, akayapeleka mnadani, moja moja. Kapu likabaki na suruali moja, ya kijani. Basi leo suruali ya kijani, kesho suruali ya kijani, Idi suruali ya kijani.

Sasa kuna jamaa anaitwa Tambo. Huyu alihudhuria semina ya "Tajirika Ukiwa Umelala." Tangu siku ile halali, anazunguka mitaani kuchungulia kamba za watu. Akaiona suruali.

"Karani, mtu gani huyu anafua suruali moja kila siku? Sasa anaivaa saa ngapi?"

Karani akakuna kichwa. Wakagonga mlango. Kimya. Tambo akalipa kodi palepale, akaondoka anapiga mluzi. Kazi ikabaki moja: kuomba mzee wa watu asirudi.

Mwaka ukiwa ukingoni, akatokea Siwema, mtoto mgongoni. Nyumba yake, mtaa wa pili, Tambo aliilipia kwa mchezo huo huo, mwenyewe yuko hospitali anajifungua, na mwaka ukaisha hana hela ya kumrudishia. Siwema akavunja kufuli la Mzee Ndalahwa, akaingia. Paa linavuja, akapanda akaliziba. Kuni hana, akapasua mlango wa chumbani, akapika uji.

Mwaka ukaisha. Kesho yake asubuhi Tambo na karani hao, wamekuja na kufuli jipya na ufunguo wake. Wanakuta moshi jikoni. Kabla hawajauliza, Mzee Ndalahwa huyo anaingia, ndani ya suti mpya, hela mfukoni. Hela alikuwa nayo wiki nzima. Alikuwa anamsubiri fundi amalizie suti, asije akaonekana amerudi na njaa.

Hapo kimenuka.

"Nyumba yangu!" akasema Mzee. "Matofali haya nimefyatua kwa mikono yangu, nikitoka zamu ya usiku. Deni lako hili hapa, na riba."

"Nyumba yangu!" akasema Tambo. "Mwaka umeisha jana, mzee. Na nisingelipa mimi, halmashauri ingeibomoa iuze hayo matofali."

"Nyumba yangu!" akasema Siwema. "Sheria inasema nyumba isiyo na mtu. Mimi nani, mbuzi? Bila mimi paa lingekuwa chini."

"Umeingia kwa kuvunja, dada."

"Na wewe kwangu uliingia kwa kupiga hodi?"

Bi Mkejina naye akajipenyeza. "Chumba cha uani changu! Bila kamba yangu hii nyumba ingelipiwa mapema, na mwaka ungeisha kitambo. Baba, ungekuta kiwanja."

"Jirani, mashati yangu yako wapi?"

"Panya, baba."

Mzee akamwangalia Tambo kifuani, akalitambua shati lake la mistari. "Kumbe panya wa siku hizi wanahudhuria semina!"

Tambo akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Kelele zikaanza upya, mtoto akaamka, analia.

Karani akapiga mlango kofi. "Tulieni! Nauliza mara moja tu. Mwenye nyumba hii nani?"

"Mimi!" Wote wanne, kwa pamoja.

"Safi sana." Akachomoa karatasi. "Kodi ya mwaka huu hii hapa. Nani anapokea?"

Tambo simu yake ikaita, ingawa hakuna aliyeisikia. Bi Mkejina akakumbuka maharage yake jikoni. Mzee Ndalahwa akaanza kunyoosha tai. Siwema akamgeuza mtoto, akamnyonyesha, macho chini.

Haya, nyie mnaocheka. Karani bado amesimama mlangoni, ufunguo mkono huu, karatasi ya kodi mkono huu. Je, ufunguo alistahili nani? Na ukishamtaja, usikimbie: karatasi umpe nani?